Mwalimu wa Kompyuta na Masomo ya Mtandaoni: Faida Yake Iko Wapi?

Hapo zamani mtu aliyetaka elimu hakuwa na budi kufunga safari. Wazee wetu wa huku bara walitoka makwao wakaenda Unguja, wengine wakafika hata Lamu, wakakaa mbele ya masheikh miaka na miaka. Na mtu aliporejea kwao watu walimjua kwa yale aliyoweza kufundisha, wala hakuna aliyemwuliza karatasi. Siku hizi mambo yamegeuka. Elimu yenyewe ndiyo inayofunga safari, ikamfuata mtu mpaka chumbani mwake usiku wa manane, ndani ya simu. Mwalimu aliyeko Bunda aweza kusomeshwa na mtu aliyeko Uingereza, wala hapana kati yao aliyepanda gari. Hii ni neema kubwa, nasi yatupasa kuishukuru. Lakini kila neema ina haki yake. Mwenye kuipokea bila ya kujua namna ya kuitumia hufanana na mkulima aliyeletewa mbegu nyingi akazipanga ghalani, kisha akashangaa kuona shamba lake halikuota kitu.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo lililotokea katika ukoo wangu, nami naona lawahusu wengi.

Binti wa dada yangu ni mwalimu wa sekondari katika Wilaya ya Bunda. Chuoni alisomea Jiografia na Kiswahili. Alipofika kazini alikuta somo la kompyuta halina mwalimu. Na kwa kuwa yeye alikuwa kijana kupita wenzake, tena ana simu nzuri, akakabidhiwa somo hilo. Hakukataa. Akaanza kusoma mwenyewe usiku, kwa pesa zake za bando, baada ya kuosha vyombo na kulaza watoto.

Sikukuu moja ya Idi alikuja Musoma kunitazama. Baada ya "Shikamoo, mjomba" na habari za nyumbani, akatoa simu yake na kunionyesha vyeti 11 alivyovipata kwa masomo ya mtandaoni. Kila kimoja kina jina lake na muhuri wa rangi. Nikamshukuru Mungu kwa bidii yake. Kisha nikamwuliza, kama nimwulizavyo mwanafunzi yeyote wa madrasa yangu, "Mwanangu, katika elimu hii yote, juma lililopita umewafundisha watoto kitu gani?"

Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Mjomba, nitakueleza ukweli. Najua majina ya mambo mengi kuliko mwaka jana. Lakini nikisimama mbele ya wale watoto, narudi palepale: naandika ubaoni, wao wananakili. Mashine zipo chache, na nikiwapeleka kwenye mashine sijui nianzie wapi." Nikaona machozi yanamlengalenga. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, tena alikuwa na haya.

Basi hilo ndilo swali letu: mwalimu asomaye mtandaoni, faida yake iko wapi, naye aishikeje isimponyoke?

SI SISI PEKE YETU

Kwanza yafaa tujue kwamba mashaka haya si ya Mara peke yake, wala si dalili ya upungufu wa akili zetu. Nchini Uingereza, mwezi wa Septemba 2014, serikali iliweka somo la kompyuta katika mtaala wa shule tangu watoto wadogo. Walimu wengi waliopewa somo hilo hawakuwa wamelisomea hata kidogo. Baadaye serikali yao ikatenga pauni milioni 84 kwa ajili ya kuwafunza walimu hao, kikaanzishwa kituo cha taifa, na sehemu ya mafunzo yake ikapita mtandaoni. Ikiwa nchi yenye mali kama ile ilihitaji kuwasomesha walimu wake upya, sisi tuna nini cha kuonea haya?

Tena sisi tulianza nyuma sana. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla marufuku hiyo haijalegezwa. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ndipo intaneti ya kasi ilipoanza kuenea. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu. Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika, nayo yamtaka mtoto wa leo awe na ujuzi wa kidijiti. Yote haya yametukia katika umri wa mtu mmoja. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe alimaliza shule bila ya kugusa kibodi, leo anatakiwa amfundishe mtoto kuiamrisha mashine. Anayemcheka mwalimu huyo hana insafu.

AZIMIO LA MUSOMA NA WALIMU WA UPE

Pili, kumfunza mwalimu akiwa mbali na chuo si jambo geni katika nchi hii, na habari yake inaanzia papa hapa mjini petu.

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefika umri wa kusoma apate nafasi shuleni ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja mwaka 1989 kama ilivyokusudiwa kwanza. Uamuzi huo ndio Azimio la Musoma. Mara swali likazuka: walimu watatoka wapi? Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata vingejazwa mpaka barazani. Basi tangu mwaka 1976 wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa katika shule za vijijini kujifunza ualimu humo humo kazini. Walioandikishwa katika mpango huo walizidi 40,000.

Tazama walivyosomeshwa. Masomo yaliwajia kwa posta, nao wakayajibu kwa maandishi. Vipindi viliwajia kwa redio. Kila kituo kilikuwa na mkufunzi aliyekaa nao, akawasahihisha na kuwatazama wakifundisha. Sehemu ya siku walisoma, sehemu ya siku waliingia darasani wakayatumia yale waliyoyasoma. Wakaendelea hivyo miaka mitatu, na mwisho wakaenda chuoni kwa majuma machache na kufanya mtihani.

Mimi ni mtoto wa wakati huo. Aliyenishika mkono kuandika herufi katika darasa la kwanza alikuwa mmoja wa walimu wa UPE. Nakumbuka jioni tukipita na ng'ombe tulimwona na wenzake wawili chini ya mwembe, redio katikati, madaftari magotini, wakibishana. Asubuhi yake tulifundishwa jambo jipya, na sisi watoto tulisema kwa mzaha, "Hili limetoka mwembeni!" Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Watu waliwalaumu walimu wale, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki, maana kijana wa darasa la saba kufundisha darasa la saba ni mzigo mzito. Lakini kusoma nilijua kwa mkono wa mmoja wao.

Sasa linganisha. Mwalimu wa UPE alikuwa na mambo manne: somo lililoandikwa, mwenzake wa kusoma naye, mkufunzi wa kumsahihisha, na darasa la kujaribia kesho yake. Binti yetu wa Bunda alikuwa na la kwanza tu. Somo lake lilikuwa zuri kuliko la posta, lenye picha na sauti. Lakini yale matatu hayakuwapo. Mtandao ulimletea somo, haukumletea mwembe.

Nasi wa madrasa tulijua jambo hili tangu zamani. Mtoto hasomi msahafu peke yake kisha akatangaza kwamba amehitimu. Hukaa mbele ya mwalimu, akasoma kwa sauti, akasahihishwa ulimi, akarudia, na kesho akasikilizwa tena kabla ya kupewa somo jingine. Na mwenye ijaza hujulikana ni nani aliyemsikiliza. Huko Marekani nako wataalamu wawili, Bruce Joyce na Beverly Showers, walipochunguza mafunzo ya walimu kuanzia miaka ya 1980, walionyesha kwamba kuelezwa peke yake hakumbadilishi sana mwalimu. Huhitaji kuonyeshwa, kujaribu, kuambiwa alipokosea, na kuwa na mtu wa kumsindikiza akiwa darasani. Wao wamelifikia kwa utafiti. Bibi zetu walilifikia kwa bakora na subira.

WALIVYOFANYA WALIMU WATATU

Nilimwambia binti yule, "Acha kutafuta cheti cha 12. Tafuta watu wawili." Akafikiri, akakumbuka mwenzake aliyesoma naye chuo, mwanamke anayefundisha hapa Musoma, na yule akamjua mwalimu mmoja wa Butiama, mtu mzima, mwenye mwelekeo wa hesabu. Wote watatu walifundisha kompyuta bila ya kuwa wameisomea. Wakakubaliana kukutana Jumamosi moja kila mwezi kwa zamu: mwezi huu Musoma, mwezi ujao Bunda, wa tatu Butiama. Barabara ni moja, na njia panda ya Makutano yawaunganisha. Katikati ya mwezi huandikiana kwa simu.

Sharti lao la kwanza lilikuwa hili: hapana kufungua somo lolote la mtandaoni mpaka kwanza mtu aandike swali lililomshinda darasani. Binti yetu aliandika, "Nitawafundishaje watoto 50 namna kompyuta inavyohesabu, nami nina mashine sita?" Kwa swali hilo mkononi, hakupotea tena katika wingi wa masomo. Alilitafuta jibu lake, akalipata katika mafunzo yaliyotungwa na Tim Bell na wenzake huko New Zealand, ya kufundisha kompyuta bila ya kompyuta.

Njia yake ni nyepesi. Wachukue watoto watano, kila mmoja ashike kadi yenye vitone: 16, 8, 4, 2 na 1. Anayeonyesha kadi yake huhesabiwa moja, anayeificha huhesabiwa sufuri. Ukitaka 19, wainue mwenye 16, mwenye 2 na mwenye 1; wengine wafiche. Darasa litaandika 10011. Hivyo ndivyo mashine inavyoandika 19, kwa kuwa yenyewe haina ila hali mbili, kuwaka na kuzimika. Kwa kadi tano tu watoto wanahesabu mpaka 31.

Basi binti yetu akakata kadi kwa maboksi, akaingia darasani kwa furaha. Darasa likaandika 11001, nayo hiyo ni 25! Akasahihisha, wakakosea tena. Kengele ikalia watoto wakicheka. Usiku ule akawaandikia wenzake kwa huzuni kwamba njia hiyo haifai. Yule wa Musoma akamwuliza, "Ulisimama wapi ulipowapanga?" Kumbe alisimama nyuma ya wale watano, akampanga mwenye 16 upande wake wa kushoto. Watoto waliokaa mbele walimwona upande wa kulia, wakasoma nambari kinyume. "Kesho," akaambiwa, "nenda ukasimame nyuma ya darasa, ndipo uwapange." Akafanya hivyo, na somo likanyooka.

Wasomaji, hebu lizingatieni jambo hili. Hakuna cheti ambacho kingeweza kumwambia mwalimu yule amesimama mahali pasipofaa. Alihitaji mwenzake aliyejua darasa lenyewe likoje. Na angalikuwa peke yake, angaliitupa njia nzuri kwa kosa la hatua tano za miguu.

Yule wa Butiama naye alikuwa na shida nyingine: juma lile umeme ulikatika mara kwa mara. Akafundisha namna mashine itafutavyo kitu katika orodha kwa kuigawa nusu kwa nusu, tena akatumia rejista ya darasa. Aliponisimulia nikaijaribu madrasani. Nikawaambia watoto, "Chagueni sura moja moyoni mwenu katika zile 114, nami nitaijua nambari yake kwa maswali saba." Je, imezidi 57? La. Je, imezidi 28? Ndiyo. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa kuwa kila swali huondoa nusu, maswali saba yanatosha hata kwa vitu 128. Watoto walistaajabu, nikawaambia kwamba hesabu za utaratibu kama huu zimepewa jina kutokana na Mwislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika karne ya tisa, na kwamba neno algoriti latokana na jina lake. Tangu siku ile wawili kati yao wameniuliza kompyuta inapatikana wapi.

Yule wa Musoma, ambaye shule yake ina mashine zaidi kidogo, alijifunza njia iliyoenezwa na Sue Sentance na wenzake wa Uingereza. Mwalimu hamwambii mtoto aandike programu papo hapo. Humpa programu fupi iliyokwisha kuandikwa, akamtaka abashiri itafanya nini. Kisha waiendeshe, waichunguze, waibadilishe, na mwisho mtoto aunde yake. Alitumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, ambayo yaweza kuwekwa katika mashine ikafanya kazi bila ya intaneti. Akawaonyesha amri hizi: rudia mara 4, songa hatua 100, geuka nyuzi 90. "Itachora nini?" Wengine wakasema duara, wengine mraba. Wakaiendesha, wakaona mraba. "Sasa badilisheni mpate pembetatu." Wengi waliandika mara 3 wakaacha 90, wakapata umbo lisilofunga. Msichana mmoja, ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kunyoosha mkono, akasema, "Mwalimu, geuka nyuzi 120." Mwalimu yule alinisimulia habari hiyo huku anatabasamu.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa yale niliyoyaona kwa walimu hawa, naweka hapa machache ambayo mwalimu yeyote aweza kuyafuata.

La kwanza, anza na swali la darasani, wala usianze na orodha ya masomo. Masomo ya mtandaoni hayana mwisho, na wengi wanaoyaanza hawayamalizi. Mwenye swali hujua achukue nini na aache nini.

La pili, soma kidogo, ujaribu upesi. Ukijifunza jambo Jumatatu, litumie kabla ya Ijumaa, japo kwa dakika kumi. Elimu isiyotendwa huondoka, nasi Waislamu tumeonywa sana juu ya elimu isiyo na amali.

La tatu, andika. Kila mmoja wa wale watatu ana daftari moja: upande mmoja lile alilokusudia, upande wa pili lile lililotokea. Kwenye mkutano wa Jumamosi hakuna anayeonyesha cheti. Kila mtu huleta madaftari matatu ya wanafunzi wake, moja zuri, moja la wastani, na moja lililoharibika. Lile lililoharibika ndilo hufunguliwa kwanza.

La nne, tumia yaliyo karibu kabla ya kutafuta ya mbali. Serikali ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA. Katika mpango huo walimu hukutana shuleni katika jumuiya za ujifunzaji, hukutana pia katika Vituo vya Walimu, na kila mmoja hujisomea katika mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Ukitazama vizuri utaona humo dalili za ule mwembe. Basi usiuchukue mfumo wa mtandaoni ukaiacha jumuiya, kwani umekata mti ukachukua majani. Baada ya hapo ndipo utazame ya nje, kama vile masomo ya bure yatolewayo na shirika la hisani la Raspberry Pi Foundation la Cambridge.

La tano, punguza gharama kwa busara. Si lazima watu watatu walipie bando kwa somo lile lile. Mmoja apakue, awagawie wenzake. Iko pia programu iitwayo Kolibri, ambayo huweka masomo katika kompyuta moja na kuyagawa kwa mashine za karibu bila ya intaneti.

La sita, usikwame katika ngazi ya kwanza. UNESCO, katika toleo la tatu la mwongozo wake wa ujuzi wa TEHAMA kwa walimu, la mwaka 2018, imeugawa ujuzi huo katika ngazi tatu: kupata maarifa, kuyazamisha, na kuunda maarifa mapya. Vyeti vingi vya simuni huishia katika ile ya kwanza. Siku utakapotunga somo lako mwenyewe, kwa mfano wa samaki wa ziwani au wa ng'ombe wa Butiama, na mwenzako akalitumia, umeshaifikia ya tatu.

AMANA YA CHETI

Sasa nitasema neno moja lenye uchungu. Wako watu wanaopata vyeti hivi kwa kubonyeza tu ukurasa baada ya ukurasa bila ya kusoma. Wengine humpa kijana wa mtaani awajibie maswali. Siku hizi imekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa akili mnemba humjibia mtu mtihani mzima kabla chai haijapoa. Mtu anayefanya hivyo hudhani amemdanganya mwalimu wa mbali asiyemjua. La, hasha. Aliyedanganywa ni mtoto aliyekaa mbele yake darasani, na mzazi aliyeuza mbuzi apate ada na sare za mtoto huyo. Cheti ni ushahidi, na ushahidi wa uongo sote twajua hukumu yake. Akili mnemba yaweza kutumiwa kwa halali, kama kumwuliza mtu mwenye maarifa akufafanulie neno gumu la Kiingereza. Lakini kujibiwa mtihani nayo ni wizi wa heshima.

Na heshima nyingine ni ya watoto. Mwalimu akipiga picha darasani ili aonyeshe kazi yake mtandaoni, akumbuke kwamba sura ya mtoto ni amana ya wazazi wake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; lakini hata isingalikuwapo, adabu ingalitosha. Piga picha daftari, acha uso.

WAJIBU WA NYUMBA NA VIJANA

Wasomaji wengi wa gazeti hili si walimu, nao waweza kusema, "Haya yatuhusu nini?" Yawahusu sana. Mwalimu asomaye mtandaoni husomea nyumbani kwenu.

Mume wa binti yetu, kijana mwema, alikuwa akinung'unika kwamba mkewe yuko na simu mpaka usiku. Nilimwita, nikamweleza. Siku zile tulipotaka mwanamke asome ilitubidi tumpeleke mbali na watoto wake. Leo anasoma akiwa ndani ya nyumba yake na mtoto mapajani. Je, saa moja ya utulivu ni kubwa mno kumpa? Tangu hapo yeye ndiye anayewalaza watoto Jumanne na Alhamisi, na mkewe husoma mapema, akalala mapema. Hata manung'uniko yenyewe yalikwisha.

Nanyi vijana, wengi wenu mnaijua simu kuliko walimu wenu. Msiwacheke. Kijana mwenye ujuzi na amkaribie mwalimu wake kwa adabu, amwonyeshe, naye mwalimu asione haya kuonyeshwa. Mimi mwenyewe, na mvi zangu hizi, nimefundishwa kutumia kipanya na mwanafunzi wangu wa juzuu ya pili. Mkono wangu ulitetemeka, naye akasema, "Polepole, maalim, hakiumi." Kisha tukarudi kwenye msahafu, nami nikamsahihisha yeye. Hivyo ndivyo elimu inavyozunguka.

Na sisi wenye madrasa, milango yetu hufungwa asubuhi nzima za Jumamosi. Walimu wakihitaji chumba chenye mikeka, kivuli na maji ya kunywa, kwa nini tusiwafungulie? Wale watatu wanapokuja Musoma hukutana kwangu.

Sisemi kwamba wamekwisha kuwa mabingwa. Mashine bado ni chache, umeme bado unakatika, na yako masomo ambayo bado hawayawezi. Lakini Idi iliyopita binti yule alikuja tena. Baada ya salamu niliingojea simu, haikutoka. Akafungua mkoba akatoa daftari la mwanafunzi, limekunjika pembe, limeandikwa kwa penseli, akaniambia, "Mjomba, tazama kazi ya mtoto huyu." Tukakaa barazani tukalisoma ukurasa kwa ukurasa, mpaka tulipoitwa kula.

Mwenyezi Mungu awatie nguvu walimu wetu wote, awape wenza wema wa kusoma nao, na ajaalie elimu yao iwafikie watoto. Amin.